Wenzetu wanauza giza na barafu, kwa nini Mara inapitwa na wageni?

Na Mwandishi Wetu, Musoma

KATIKA mji wa Tromsø, kaskazini ya mbali ya Norway, jua huzama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena hadi katikati ya Januari. Kwa muda wa wiki saba hivi wakazi wa mji huo huenda kazini gizani na kurudi nyumbani gizani, na mchana wao ni mwanga hafifu wa rangi ya buluu unaodumu saa chache tu.

Mkazi wa Musoma, ambaye jua lake huchomoza kila siku ya mwaka kati ya saa 12 na nusu hivi na saa 1 kasoro asubuhi, angedhani kwamba huo ni msimu wa watu kuukimbia mji. Kumbe ndio msimu ambao ndege hushusha wageni kutoka Uingereza, Ujerumani na hata Asia, waliolipa fedha nyingi ili waje kutetemeka kwa baridi na kukodolea macho anga lenye giza.

Habari hii ya watu wa kaskazini inastahili kutafakariwa mkoani Mara pengine kuliko mahali popote nchini. Mkoa huu una kaburi la Baba wa Taifa kule Butiama, una Ziwa Victoria, na una sehemu kubwa ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 2. Hata hivyo, wengi wa wanaofika Serengeti huingilia Arusha na kutokea Arusha, na wapo wanaokaa siku tatu ndani ya mipaka ya Mkoa wa Mara bila kusikia jina la Musoma wala Bunda.

Swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu ni hili: mji wenye baridi na giza unawezaje kumlaza mgeni siku nne, wakati Bunda, iliyo jirani na lango la Serengeti, inashindwa kumlaza hata usiku mmoja?

Baridi inavyogeuzwa bidhaa

Mfano ulio wazi zaidi ni Rovaniemi, mji mkuu wa jimbo la Lapland nchini Finland. Oktoba 1944 majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma yaliuchoma moto mji huo, na sehemu kubwa ya majengo yake ikateketea. Haukubaki na majumba ya kale ya kuonyesha wageni. Ulibaki na theluji, misitu na mstari wa kubuni uitwao Duara la Aktiki, ambao hupita kilomita chache kaskazini ya mji.

Mwaka 1950, Eleanor Roosevelt, mjane wa aliyekuwa Rais wa Marekani, alifika kuona mji ulivyokuwa ukijengwa upya. Wenyeji walimjengea haraka kibanda cha magogo penye ule mstari ili apate mahali pa kufikia. Kibanda hicho ndicho kilichokuwa chanzo. Wageni wengine walifuata kukiona, na mwaka 1985 pakafunguliwa hapo kijiji cha Baba Krismasi ambacho leo hupokea watu kutoka pande zote za dunia. Ikumbukwe kwamba Rovaniemi ina watu wachache kuliko Manispaa ya Musoma, ambayo katika sensa ya mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa na watu 134,327.

Upande wa Sweden, katika kijiji cha Jukkasjärvi, kila majira ya baridi hujengwa hoteli kwa matofali ya barafu yaliyokatwa katika Mto Torne. Vitanda ni barafu, kuta ni barafu. Ifikapo majira ya kuchipua yote huyeyuka na kurudi mtoni, na mwaka unaofuata kazi huanza upya. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na hawaishiwi wateja.

Lakini anayevuta watu kuliko vyote hivyo ni ule mwanga wa kijani, na mara nyingine mwekundu, unaocheza angani usiku. Chanzo chake ni chembechembe zenye umeme zitokazo kwenye jua, ambazo huvutwa na usumaku wa dunia kuelekea kwenye ncha zake na kugongana na hewa ya juu kabisa. Mwanga huo hauna ratiba. Wingu likitanda, hauonekani. Jua likitulia, haupo.

Hapa ndipo ilipo siri ya biashara yao. Kwa kuwa mwanga haumuahidi mtu kitu, mgeni hushauriwa akae siku tatu au nne ili angalau usiku mmoja umfae. Usiku ni wa kusubiri, lakini mchana lazima ujazwe. Kwa hiyo siku ya kwanza mgeni huzungushwa mjini: pale Tromsø huonyeshwa kanisa la mwaka 1965 lenye umbo la mapande ya barafu yaliyoegemezana, na jumba la makumbusho ya safari za ncha za dunia. Huelezwa habari za Roald Amundsen, Mnorway aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini mwaka 1911, na ambaye Juni 1928 aliruka kwa ndege kutoka Tromsø kwenda kumtafuta mwenzake aliyepotea, asionekane tena hadi leo.

Siku ya pili hupelekwa kwa wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa nchi hizo, kuona mifugo yao ya jamii ya kulungu. Siku ya tatu huvutwa na mbwa juu ya theluji. Kila siku inayoongezeka ni chumba kingine, sahani nyingine ya samaki, na dereva mwingine anayelipwa.

Ukiivunjavunja, safari hiyo ina mambo matatu: mji wa kufikia, mtu wa kusimuliwa habari zake, na pori la kwendea. Mara inayo yote matatu, tena katika mwendo ambao kwa barabara hauzidi kilomita 120.

Musoma na taa za ziwani

Musoma imekaa juu ya rasi inayoingia ziwani, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mawe makubwa ya rangi ya majivu yamerundikana kila upande kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Mgeni anayeshuka Barabara ya Mukendo hadi Mwigobero, kwenye mwalo na soko, huona mji ambao tangu zamani umetazama majini.

Na kwa kweli wageni wa zamani walikuja kwa maji. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli za shirika la reli la jumuiya hiyo zilikuwa zikilizunguka ziwa na kutia nanga Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda. Musoma wakati huo ilikuwa kituo cha katikati. Wasafiri walishuka, walinunua samaki, walilala. Jumuiya ilipokufa, mali zikagawanywa, mzunguko ule ukakatika.

Jambo la pili ambalo wageni wengi hawaelezwi ni kwamba Mto Mara, ule ambao picha zake za nyumbu wakirukia maji yenye mamba zimeenea duniani kote, unaishia hapa. Mto huo huanzia katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na kaskazini ya Serengeti, kisha hupotelea katika kinamasi kipana cha mafunjo, hupita chini ya Daraja la Kirumi katika barabara iendayo Tarime na kuingia ziwani katika Ghuba ya Mara. Watu hulipa mamia ya dola kuyatazama maji hayo yakiwa Kogatende. Pale Kirumi basi hupita juu yake bila hata kupunguza mwendo.

Wenyeji wa kaskazini wana mwanga wao wa angani. Musoma nayo ina mwanga wake, ila hakuna aliyewahi kufikiri kuutoza nauli. Katika usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa: zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na za umeme wa jua. Dagaa hufuata mwanga, nao hukusanyika karibu na mtumbwi hadi nyavu ziinuliwe. Ukisimama kwenye mawe ya ufukweni saa 3 usiku utaona taa nyingi juu ya maji, safu nyuma ya safu, hata mtu asiyejua atadhani kuna mji mwingine ng'ambo.

Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, taa hupungua, kwa sababu mbalamwezi huwatawanya dagaa na kazi hulala. Kwa hiyo taa hizi, tofauti na ule mwanga wa Tromsø, zina kalenda inayojulikana. Mwandishi wa makala haya amewahi kumwona mgeni mmoja akisimama kuzitazama muda mrefu ilhali wenyeji waliokuwa jirani naye wakizungumzia bei ya dagaa. Hilo si la kulaumu. Hata watu wa Lapland, bila shaka, walikuwa wakiiona theluji kuwa shida ya kuzoa mlangoni kabla haijawa biashara.

Butiama, nyumbani kwa Mwalimu

Katika Shule ya Msingi Mwisenge mjini Musoma ndipo Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alipoanza masomo mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Husimuliwa kwamba alitoka Butiama kwa miguu, mwendo wa maili 26, yaani karibu kilomita 42. Siku hizi safari hiyo ni ya muda mfupi kwa gari: unarudi hadi Makutano Juu kwenye barabara kuu, kisha unashika njia ya Butiama.

Mgeni atakayetazamia kuona kasri la rais wa zamani atashangaa. Mahali penyewe huitwa Mwitongo. Ni kilima chenye mawe makubwa na miti, na kati ya mawe hayo kuna nyumba za familia, makaburi ya wazazi wake, Chifu Burito na Mugaya Nyang'ombe, na jengo la mawe lililohifadhi kaburi lake mwenyewe. Mwalimu alifariki dunia London Oktoba 14, 1999, akazikwa hapa Oktoba 23 mwaka huo.

Makumbusho ya Mwalimu, ambayo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, yalifunguliwa Julai 1999, miezi michache tu kabla ya kifo chake. Ndani yake kuna picha, mavazi, vitu alivyotumia na zawadi alizopokea kutoka kwa watu na mataifa. Kwa anayejua historia, zawadi zina maneno mengi kuliko maandishi ya ukutani, maana zinaonyesha nani alikuwa rafiki wa nchi hii na wakati gani.

Na katika marafiki hao, watu wa kule kwenye barafu walikuwa mstari wa mbele. Kituo cha Elimu Kibaha, mkoani Pwani, kilianzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa serikali ya Tanganyika na nchi za Skandinavia, na miaka iliyofuata Sweden, Norway na Denmark zilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa maji, elimu na umeme nchini. Olof Palme, Waziri Mkuu wa Sweden aliyeuawa kwa risasi Stockholm Februari 1986, alikuwa mwenzake Mwalimu katika kupinga ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika. Mzee wa Kiswidi aliyefundisha au kuchimba visima Tanzania katika miaka ya 1970 yupo hadi leo, ana watoto na wajukuu, na ni mtu ambaye Butiama isingehitaji kumweleza Nyerere ni nani.

Kwa wasomaji vijana ni vema kukumbusha kwamba Mwalimu naye aliionja baridi ya wenzetu. Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Alirudi akaongoza nchi, na alipong'atuka urais mwaka 1985 alirejea Butiama kulima, ingawa aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi 1990 na baadaye akaitwa kusuluhisha mgogoro wa Burundi. Nyumba kubwa inayoonekana pale ilijengwa na Jeshi la Wananchi kwa ajili yake. Hakujaliwa kuishi ndani yake kwa muda mrefu.

Liko jambo jingine linaloipa Butiama uzito ambao Rovaniemi haina. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa mwenye heri, naye sasa huitwa Mtumishi wa Mungu. Kila mwaka ifikapo Juni waumini hukusanyika Namugongo, Uganda, kuuombea mchakato huo. Yeyote aliyeona umati wa mahujaji wa Namugongo katika sikukuu ya Mashahidi wa Uganda atafahamu maana yake kwa kijiji chenye vyumba vichache vya kulala wageni kama Butiama.

Kwa sasa mgeni wa kawaida hutumia saa mbili au tatu hapo, hutia sahihi kitabu, hupiga picha kaburini na kuondoka. Hapelekwi kuona msitu wa Muhunda, unaoheshimiwa na Wazanaki tangu enzi za mababu, isipokuwa ameuliza mwenyewe. Wala haelezwi namna chifu mwenye wake 22 alivyoendesha mji wake. Oktoba 14, Siku ya Nyerere, Butiama hufurika. Siku nyingine nyingi za mwaka ni kimya.

Bunda na mlango wa magharibi

Kutoka Makutano Juu barabara kuu ya lami hushuka kusini hadi Bunda, na mbele yake, kuelekea Lamadi, lipo lango la Ndabaka. Hapo Hifadhi ya Serengeti inakaribia kabisa kugusa Ziwa Victoria. Msafiri wa basi la Mwanza akikaa dirisha la upande wa mashariki aghalabu huona pundamilia na nyumbu bila kulipa senti.

Ndani ya lango ni ule ukanda wa magharibi unaofuata mito ya Grumeti na Mbalageti. Mamba wa Grumeti ni wakubwa kiasi cha kusifika Afrika nzima. Katika misitu ya kando ya mto huo wapo mbega weusi kwa weupe, ambao huwakuti katika nyanda za Seronera. Makundi ya nyumbu, ambao idadi yao hutajwa kuwa zaidi ya milioni moja, hupita ukanda huu takriban kati ya Mei na Julai, kabla ya kwenda kaskazini kuuvuka Mto Mara.

Na hapo ndipo kalenda inapoleta mgongano. Mzungu anayeikimbia baridi ya kwao husafiri Desemba, Januari na Februari. Wakati huo nyumbu wako kusini-mashariki kabisa, Ndutu na nyanda za Ngorongoro, wakizaa. Bunda iko upande wa pili wa hifadhi yenye kilomita za mraba 14,763. Wanaporudi magharibi, wageni wengi wa likizo ya baridi wamekwisha ondoka. Na mvua za masika zikiwa nzito, udongo mweusi wa ukanda huu hugeuka tope ambalo hata gari la magurudumu manne hulalia.

Ni kweli kwamba wapo wageni wa Juni na Julai, wakati wa kipupwe chetu, ambapo Musoma asubuhi utamkuta dereva wa bodaboda amevaa koti zito na mtalii amevaa kaptula. Lakini hao nao wengi hushushwa kwa ndege ndogo katika viwanja vya ndani ya hifadhi, hulala kambini, na hurejea kwa ndege hiyo hiyo.

Mlango ulivyohamia Arusha

Haikuwa hivi siku zote, na sababu ya mabadiliko hayo ina mkono wa serikali ya Mwalimu mwenyewe. Hadi mwaka 1977 watalii wengi wa Serengeti walitoka Nairobi. Walikuja na magari ya Kenya, wakapita Maasai Mara, wakavuka mpaka, wakaangalia wanyama wa Tanzania na kurudi kulala Kenya. Tanzania ilibaki na vumbi na ada ndogo.

Februari 1977 serikali ilifunga mpaka. Hoja ilikuwa ya haki: atakayetaka kuiona Serengeti aingie kwa mlango wa Tanzania, yaani Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini njia ya watalii ya Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, haikurudi kuwa kama zamani. Arusha ikajengeka kuwa mji wa utalii. Mara, iliyokuwa njiani, ikawa mwisho wa njia.

Uamuzi ule uliisaidia nchi. Kwa mkoa alikozaliwa aliyeutoa, ulikuwa na gharama ambayo haizungumzwi sana.

Liko pia suala la kibali. Ada ya kuingia Serengeti huhesabiwa kwa saa 24, na mgeni wa nje hulipa makumi ya dola kwa kila kipindi. Anayelala ndani ya hifadhi huzitumia saa zake zote. Anayelala Bunda, akaingia asubuhi na kutoka jioni, hutoa fedha ile ile kwa nusu ya muda, na akitaka kurudi kesho yake hulipa upya. Waandaaji wa safari wanajua hesabu hiyo vizuri, na ndiyo maana hawapangi usiku wa nje ya lango. Barabara ya lami ya Makutano Juu, Natta hadi Mugumu, ambayo ingeiunganisha Butiama na malango ya Ikoma, nayo imejengwa kwa vipande kwa miaka mingi.

Wanaolala macho

Kwa watu wa Bunda, kuwa jirani na Serengeti si jambo la picha. Katika vijiji kama Kunzugu, Mihale na Hunyari, tembo hutoka hifadhini usiku wakati mahindi na mtama vinapokomaa. Familia hukesha mashambani zikipiga madebe na kumulika tochi. Wengine hufunga kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Kundi moja la tembo linaweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula cha mwaka mzima.

Kanuni za mwaka 2011 zinampa mkulima kile kiitwacho kifuta jasho, na familia iliyofiwa kifuta machozi. Majina yenyewe yanaeleza: si fidia. Serikali haisemi kwamba inalipa thamani ya kilichopotea.

Zaidi ya hapo, wakazi wa Kata ya Nyatwali, kando ya Ghuba ya Speke, katika miaka hii ya 2020 wameingia katika zoezi la kufanyiwa tathmini, kulipwa na kuhama ili eneo lao liunganishwe na hifadhi na wanyama wapate njia ya kufika kwenye maji ya ziwa. Wanaohifadhi wana sababu zao, kwa kuwa Mto Mara na mito mingine hupungua maji nyakati za kiangazi. Lakini kwa aliyeacha mwalo, shamba na makaburi ya wazee wake, swali la kama mtalii atalala Bunda au hatalala si la nadharia. Ama kuna kazi mahali alipohamia, ama hakuna.

Wenzetu wa kaskazini hawajamaliza mambo haya pia. Wasami wamelalamika kwa miaka mingi kwamba makampuni ya utalii yalivalisha watu wasio Wasami mavazi yao na kuwaonyesha wageni kama ndio wenyewe. Pale Tromsø wenyeji wamenung'unika kwamba nyumba za kupanga zimekuwa vyumba vya watalii na kodi zimepanda. Mara ikiamua kufuata njia hiyo, ni vema ijue mapema nani atakayeshika ngoma na ritungu, na fedha ya kiingilio itakaa mfuko gani.

Safari yenyewe

Kwa Mtanzania, safari hii haihitaji dola. Anayetoka Mwanza kwa basi la asubuhi hufika Musoma mchana, akabaki na jioni nzima ya Mwigobero, sato wa kuchoma na ugali wa udaga. Siku ya pili huenda Butiama asubuhi kabla ya jua kali, akaomba kupelekwa Mwitongo na Muhunda, na kurudi Bunda kulala. Siku ya tatu hukodi gari na kuingia Ndabaka alfajiri. Ada ya raia ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mgeni wa nje.

Anayetaka nyumbu achague Juni. Anayetaka kukutana na watu wengi kaburini kwa Mwalimu achague Oktoba 14, ila atafute chumba mapema. Na anayetaka kuziona taa za wavuvi atazame mwezi kabla ya kukata tiketi, afike zile siku za mwisho wa mwezi au mara tu baada ya kuandama, kisha asimame ufukweni baada ya giza kuingia, wakati mitumbwi imekwisha kusambaa majini.